Jeti za Kivita za Mwanzo: Ukiona Dalili Hii, Anza Kutafuta Hapa

Mwongozo huu unahusu jeti za kivita zilizoundwa kuanzia mwaka 1939, He 178 ya Ujerumani iliporuka Rostock tarehe 27 Agosti, hadi katikati ya miaka ya 1950. Utamfaa anayezirusha kwenye simuleta na kila mara injini inamzimikia akikaribia uwanja. Utamfaa pia anayesoma taarifa za ajali za miaka ile na kukuta lawama yote amebebeshwa rubani. Rubani kweli aliukosea mkono mara nyingi, lakini mkono huo ulifunzwa kwenye ndege za pistoni, na ndege hizi mpya zilimwadhibu kwa mambo yaleyale yaliyokuwa yamemwokoa kwenye zile za zamani.

Fundi wa pistoni akisikia injini inakorofisha huanza na cheche, kisha mafuta. Kwenye jeti hizi mimi huanza na hewa: inaingilia wapi, inapita wapi, nani anaizuia. Injini hunywa hewa mara makumi kuliko mafuta, mabawa yanategemea hewa inyooke, na mkia unafanya kazi pale tu hewa inapoufikia ikiwa safi. Kabla ya kufungua hata boneti moja, pata majibu ya maswali matatu: throtoli, ule mpini wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, ilikuwa wapi na ilisogezwa kwa haraka gani, ndege ilikuwa kwenye mwendo na kimo gani, na kitu cha mwisho kuguswa mle ndani kilikuwa nini. Swali la tatu watu hulisahau, ilhali ndilo linalomaliza kesi nyingi.

## Injini haiwaki, au inawaka kwa ndimi za moto nje ya bomba

Hii ni rahisi. Jaribio la kwanza likishindwa, mafuta ya taa yanabaki yametuama ndani ya injini na kwenye bomba la nyuma. Ukijaribu tena papo hapo, yote yanashika kwa pamoja. Zima, acha mafuta yachuruzike, izungushe injini bila mafuta, ndipo uanze upya.

Kwenye Me 262, jeti ya kivita ya Ujerumani yenye injini mbili, kagua pia kianzishio. Ndani ya pua ya kila injini kulikuwa na kijinjini cha pistoni cha Riedel, cha mipigo miwili, ambacho ndicho kilichoizungusha kompresa, sehemu inayosindilia hewa ndani ya injini. Injini ilishika kwanza kwa petroli, kisha ndipo ikahamishiwa mafuta yake ya kawaida ya J2. Ukiwahi kuhama kabla mizunguko haijatosha, inakata.

## Injini inazima, au joto linaruka, mara tu unaposukuma throtoli

Hapa tukae kidogo, maana hii ndiyo dalili mama ya kizazi kile, na Jumo 004, injini za Me 262, ndizo zilizoongoza.

Mandhari ni haya: rubani anakuja kutua, anaona yuko chini mno, anafanya kile alichokifanya miaka yote kwenye Messerschmitt 109. Anasukuma throtoli kwa mkupuo. Badala ya nguvu, sindano ya joto la moshi inakwea hadi ukingoni, na sindano ya mizunguko inasita, kisha inaanza kushuka.

Sababu yake ni kwamba mafuta yanafika kwenye vyumba vya mwako papo hapo, lakini kompresa, dude zito lenye safu 8 za mapanga, haiwezi kushika kasi papo hapo. Kwa muda huo mfupi mafuta ni mengi na hewa ni chache. Moto unazidi uwezo wa chuma, gesi inayotanuka inaisukuma nyuma hewa inayoingia, mtiririko unabanduka kwenye mapanga, injini inakohoa na kuzima. Isipozima, mapanga ya turbini, gurudumu la nyuma linalozungushwa na gesi ya moto, yanaungua, na madhara utayaona safari ijayo.

Mpaka wa hatari ulijulikana. Chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika, throtoli isogezwe polepole sana. Kutoka hapo hadi 8,700, ambayo ndiyo nguvu kamili, mkono ungeweza kuwa mwepesi. Kwa hiyo ukichunguza kisa cha kuzima, soma kwanza mizunguko. Kama injini ilikuwa juu ya 6,000 na mkono ulitulia, hii siyo kesi yako, nenda sehemu zinazofuata.

Dawa ya upande wa rubani ni kutoiacha mizunguko ishuke kabisa. Amua mapema kwamba unatua, njoo kwa mstari mrefu ulionyooka, shusha mapema magurudumu na flapu, vile vibapa vya nyuma ya bawa, ili upinzani wa hewa ufanye kazi ya kupunguza mwendo huku injini ikiendelea kuzunguka kwa kasi. Kwenye vita dawa hii ilikuwa na bei yake. Me 262 inayokuja kutua polepole, kwa mstari ulionyooka, haiwezi kukwepa wala kuongeza mwendo kwa ghafla, na marubani wa Marekani na Uingereza wakagundua kwamba mahali pa kuivizia ni uwanjani kwake. Ndiyo maana Wajerumani walilazimika kuweka Fw 190 D za pistoni kuzilinda jeti wakati wa kuruka na kutua.

Dawa ya kweli ilikuwa ya wahandisi: kidhibiti cha mafuta kinachomzuia rubani asiimwagie injini mafuta kuliko hewa iliyopo. Injini za Uingereza za wakati ule zilitumia kompresa ya duara, inayoitupa hewa pembeni kwa nguvu ya mzunguko, na hizo zilivumilia mkono mbaya zaidi kuliko kompresa ndefu ya Jumo. Zilivumilia, lakini hazikuwa nyepesi. Rubani wa Uingereza Eric Brown alipoitua jeti ya Vampire juu ya meli ya HMS Ocean tarehe 3 Desemba 1945, jeti ya kwanza kutua hivyo, uzito wa injini yake ya Goblin kuitikia throtoli ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu wasiwasi. Kwenye pistoni ukikosea sitaha unafungulia injini na panga linakuvuta juu hapohapo. Kwenye jeti unafungulia, unasubiri, na meli haisubiri.

## Mapanga ya turbini yanakatika bila mtu kugusa chochote

Kama throtoli haina hatia, washukiwa ni wawili: chuma na mtetemo.

Cha chuma ni kisa cha uhaba. Ujerumani haikuwa na nikeli, kobalti wala kromu ya kutosha. Jumo 004B ikaundwa kwa kuzikwepa metali hizo kadiri ilivyowezekana, hata vyumba vya mwako vikawa vya chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Matokeo yake ni injini iliyodumu saa 10 hadi 25 tu. Watu huicheka hesabu hiyo. Mimi naona ni kazi kubwa kwamba ilizunguka kabisa, kwa vifaa vile. Lakini kwa uchunguzi wako maana yake ni moja: ukiona panga limekatika, angalia kwanza kitabu cha saa za injini.

Mtetemo ulikuwa mgumu zaidi kuunasa. Mwaka 1943 mapanga ya Jumo yalikuwa yakipasuka kwenye mizunguko ya juu hata yakiwa mapya. Injini ina vyumba 6 vya mwako, na nyuma ya turbini kuna nguzo 3 zinazoshika bomba. Kila panga linapozunguka linapigwa na mapigo kutoka kwenye vitu hivyo, na mapigo yakilingana na mlio wa asili wa panga lenyewe, panga linatikisika hadi linachoka. Junkers, waundaji wa Jumo, wakamwita mwanamuziki, akapitisha upinde wa fidla kwenye mapanga, na kwa sikio lake akatambua kila panga linalia kwa sauti gani. Dawa iliyotokana na uchunguzi ule ilikuwa ya kawaida mno: mapanga yakachongwa yawe membamba zaidi kuelekea nchani, yakapunguzwa urefu kwa milimita 1, na mizunguko ya juu ikateremshwa kutoka 9,000 hadi 8,700. Ndiyo maana ile namba 8,700 hapo juu inaonekana ya ajabu ajabu. Usiizidishe.

## Kuna mngurumo mbavuni, injini iko sawa

Mngurumo ukija kwenye mwendo au pembe fulani tu, na vipimo vyote vya injini vimetulia, acha injini. Kagua mifereji ya kuingizia hewa.

XP-80A ya Lockheed, jeti ya majaribio ya Marekani, ilikuwa na shida hii hasa. Midomo ya hewa ilikaa ubavuni, nyuma ya pua. Hewa inayoteleza kwenye bodi ya ndege hupoteza kasi na kutengeneza tabaka zito karibu na ngozi, na tabaka hilo likiingia mferejini linabanduka na kupiga kuta. Ndege ya pili ya XP-80A iliwekewa kiti cha ziada ili mhandisi apande asikilize mwenyewe. Wakatoboa mianya mdomoni ya kuimwaga nje ile hewa mbovu, kelele ikaisha.

Tofautisha na mfereji unaokunjamana. Kabla XP-80 ya kwanza haijaruka, Novemba 1943, injini ya Goblin iliwashwa chini kwa majaribio, ikanyonya kwa nguvu kiasi kwamba mifereji ikaporomokea ndani na kompresa ikapata ufa. Injini ya kubadilishia ilibidi itolewe na de Havilland, waundaji wa Goblin, kutoka kwenye Vampire yao ya majaribio. Kwa hiyo ukisikia mlio mmoja mkubwa ndege ikiwa imesimama na injini iko juu, zima kabla hujauliza.

## Unafyatua mizinga, injini inakata

Hapa jibu la swali la tatu linatosha peke yake. Kitu cha mwisho kuguswa ni kifyatulio.

Mzinga mkubwa unatoa gesi nyingi ya moto, isiyo na oksijeni ya maana. Gesi hiyo ikimezwa na injini, mtiririko kwenye kompresa unavurugika. Hewa ikiwa nyembamba huko juu, injini haina akiba ya kujirekebisha. MiG-9 ya Kisovieti, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 24 Aprili 1946, ilikuwa na mzinga wa milimita 37 uliotokeza katikati kabisa ya mdomo wa hewa. Ungetaka kuibuni ndege ili ijizime yenyewe ingekuwa vigumu kupata mahali bora zaidi. Warusi walijaribu kuweka vifaa vya kuielekeza gesi pembeni, havikufaa sana, na kwenye MiG-15 mizinga ikahamishiwa chini ya pua.

Hawker Hunter ya Uingereza ni kesi ya kufundishia, kwa sababu kulikuwa na ndege mbili zenye bodi moja. Hunter F.1 yenye injini ya Avon ilizima au kukohoa ikifyatua mizinga kwenye kimo cha juu. F.2 yenye injini ya Sapphire, mizinga ileile, mahali palepale, haikuwa na shida hiyo. Ukiwa na jozi kama hiyo huhitaji kubahatisha: kosa liko kwenye jinsi kompresa ya Avon inavyovumilia uchafu. Tiba ikawa kupunguza mafuta kidogo kila kifyatulio kinapobonywa, ili injini isibanwe kwenye ukingo wake, pamoja na Avon zilizoboreshwa. Hunter za baadaye zilikuwa tulivu kabisa, na Kenya ilirusha toleo la FGA.9 katika miaka ya 1970.

## Mkia hautaki kuinuka wakati wa kuruka

Hii huwapata wanaojaribu Me 262 za mwanzo kabisa, zilizokuwa na gurudumu dogo mkiani. Unafungua nguvu zote, mwendo unapanda, unasukuma fimbo mbele, mkia umelala palepale. Unafika mwisho wa njia.

Kwenye ndege ya pistoni panga la mbele hupuliza hewa juu ya mkia tangu mwanzo, kwa hiyo mkia una uhai hata ndege ikiwa karibu imesimama. Jeti haina upepo huo. Zaidi ya hapo, ndege ikiwa imeinamisha mkia, mabawa na flapu zinaufunika, na hewa inayoufikia imevurugika. Eleveta, vile vibapa vya mkiani vya kuinua na kushusha pua, zinapepea bure.

Tarehe 18 Julai 1942 rubani wa majaribio Fritz Wendel aliirusha Me 262 kwa injini za jeti pekee pale Leipheim kwa hila moja: alipofika karibu kilomita 180 kwa saa aligusa breki kidogo. Pua ikainama, mkia ukainuka, hewa ikaufikia, na fimbo ikapata uhai. Hila hii ni ya rubani wa majaribio mwenye njia ndefu na moyo mgumu. Mwezi uliofuata rubani wa kituo cha majaribio cha Rechlin aliijaribu, ikamkatalia, akaishia shambani. Tangu 1943 ndege ikawekewa gurudumu la puani na mjadala ukaisha. Ukichagua toleo la zamani kwenye simuleta, gusa breki mara moja, kwa wepesi, na ndege ikiwa imenyooka kabisa. Ukizikanyaga utaipindua kifudifudi.

## Pua inatambaa kinyoka kushoto na kulia

Ukiwa na mwendo mkubwa, hewa shwari, miguu yako imetulia, na bado pua inakwenda kushoto, inarudi kulia, bila kukua wala kuisha. Bell P-59 ya Marekani ilifanya hivi, Meteor ya Uingereza ilifanya hivi, MiG-15 ilifanya hivi ikikaribia kasi ya sauti. Hatari yake kwa kuruka ni ndogo. Kwa kulenga shabaha ni balaa.

Usikimbilie kurekebisha kwa miguu. Mtu huchelewa kidogo kuliko ndege, na kila pigo lako litakuja wakati pua tayari inarudi, kwa hiyo unaichochea. Weka miguu imara, usukani wa mkia ukae katikati, kisha punguza mwendo. Ikitulia, chanzo ni umbo: bodi laini isiyo na panga haina kitu cha kuizuia isiyumbe, na hewa kwenye ukingo wa nyuma wa usukani wa mkia hubanduka upande huu na upande ule kwa zamu. Mafundi walipapasa kwa vibamba vidogo ukingoni na kubadilisha mapezi, Meteor F.8 ilipewa mkia mpya kabisa. Isipotulia hata ukipunguza mwendo, kagua kama usukani wenyewe umelegea kwenye bawaba.

Kwenye Meteor usichanganye jambo hili na mtikisiko wa mwendo mkubwa unaotoka kwenye maganda ya injini. Maganda ya kwanza yalikuwa mafupi, hewa ikabanduka nyuma yake. Yakarefushwa, mwendo ukapanda sana bila injini kubadilishwa.

## Pua inazama, fimbo imekuwa ya mawe

Unateremka kwa kasi, unafika Mach 0.8 na kidogo (Mach 1 ni kasi ya sauti), ndege inaanza kutetema, pua inainama yenyewe, na unapovuta fimbo haisogei au inasogea bila matokeo. Mkono unakwambia kamba zimekwama. Karibu kila mara si kamba.

Juu ya bawa hewa huenda kasi kuliko ndege yenyewe, kwa hiyo inavuka kasi ya sauti kabla yako. Hapo linazuka wimbi la mshtuko, kani ya kunyanyua inahamia nyuma, na mtiririko unaofika mkiani unabadilika. Mkiani kwenyewe wimbi linaweza kukaa mbele ya eleveta, na eleveta ikisogea haina tena uwezo wa kubadilisha hewa iliyo mbele yake. Me 262 ilifika hapo karibu Mach 0.86. Mteremko mdogo ulitosha, maana ndege ile haikuwa na breki za hewa.

La kufanya: rudisha throtoli, kwa utaratibu ule wa hapo juu. Fungua breki za hewa kama unazo. Vuta fimbo kwa nguvu ya kawaida na usubiri. Ukishuka, hewa inakuwa ya joto zaidi, kasi ya sauti inapanda, na kwa mwendo uleule Mach yako inapungua hadi wimbi linaachia. Usilizungushe gurudumu la trimu, lile la kuuweka mkia kwenye pembe ya kudumu, ili kuinua pua. Hili limeua watu. Trimu haitafanya kitu ukiwa ndani ya wimbi, lakini ukitoka mkia utafufuka wote kwa pamoja, na pua itaruka juu kwa nguvu inayoweza kuvunja mabawa.

Warusi waliamua kutomwachia rubani uamuzi: kwenye MiG-15 breki za hewa zilifunguka zenyewe kwenye Mach 0.92. Wamarekani walikwenda kwenye mzizi. Bell X-1 ya rubani Chuck Yeager, iliyovuka kasi ya sauti tarehe 14 Oktoba 1947, ilionyesha kwamba bapa lote la mkia likisogea badala ya kipande cha nyuma tu, udhibiti unabaki. Likaingia kwenye F-86E Sabre, na kwenye vita vya Korea ndege hiyo ikawa inageuka na kutoka kwenye mteremko pale ambapo MiG iligoma.

Kama badala ya pua kuzama ndege inalalia upande mmoja kwenye mwendo mkubwa, na upande ni uleule kila mara, hilo si wimbi peke yake. Pima mabawa. MiG-15 nyingi za mwanzo zilikuwa na ugonjwa huu kwa sababu bawa la kulia na la kushoto hayakuwa na ugumu sawa kutoka kiwandani, moja likijisokota kuliko jingine.

## Mwendo unapungua, pua inapanda yenyewe

Kwenye mabawa yaliyoelekea nyuma, hewa huteleza kuelekea nchani, na ncha ndizo zinazopoteza unyanyuzi kwanza. Kwa kuwa ncha ziko nyuma, unyanyuzi unaobaki uko mbele, na pua inapanda badala ya kuinama. Mwendo unapungua zaidi, pua inapanda zaidi. F-100 ya Marekani ilipata sifa mbaya kwa hili, ikining'inia kwenye moshi wake karibu na ardhi huku injini ikihangaika. Vile vizuio vilivyosimama juu ya bawa la MiG-15, na vibapa vya mbele vya F-86 vinavyotokeza vyenyewe, vipo kwa kazi hii. Shusha pua mapema, ukiwa na kimo. Ukiwa huna, hakuna utaratibu wa kukusaidia.

## Meteor inapinduka ukiwa na injini moja, au unapotaka tu kutua

Nimeiweka peke yake kwa sababu ndiyo iliyoua wengi. Jeshi la anga la Uingereza lilipoteza karibu Meteor 890 kwa jumla, 145 kati ya hizo mwaka 1953 pekee, na idadi kubwa ya ajali haikuhusu adui yeyote.

Injini za Meteor zimekaa mbali na bodi. Moja ikizima, ile nzima inaivuta ndege upande, na usukani wa mkia unaweza kulizuia hilo pale tu mwendo ukitosha. Chini ya mwendo huo, ukifungua nguvu zote kwenye injini nzima, ndege inageuka, inalala, inaingia ardhini. Dawa ni kupunguza nguvu na kushusha pua, tendo ambalo kila mshipa wa rubani aliye chini na polepole hulikataa. Halafu kuna kichekesho kichungu: mazoezi ya kuruka kwa injini moja, yaliyofanywa kwa kuizima injini nzima kwa makusudi, yaliua watu wengi kuliko injini zilizozima zenyewe.

Dalili ya pili inatisha zaidi kwa sababu injini zote mbili ni nzima. Mtu anakuja kutua kwa Meteor T.7 ya mafunzo, breki za hewa ziko wazi, anashusha magurudumu. Magurudumu hayashuki kwa pamoja, pua inavutwa upande, pezi la mkia liko ndani ya hewa iliyovurugwa na breki, na ndege inajilaza na kuzamisha pua kuelekea ardhini. T.7 haikuwa na viti vya kujirusha. Mwaka 1988, miongo baada ya tabia hii kujulikana, T.7 ilianguka kwenye maonyesho ya Coventry na uchunguzi ukaelekea hukohuko. Utaratibu: breki za hewa zifungwe, hakikisha zimefungwa, ndipo ushushe magurudumu. Kamwe visiwe nje kwa pamoja.

## Umekagua hewa, hewa haina kosa

Zipo kesi hizo, na huja bila onyo.

Injini ya P-80, ile iliyotokana na XP-80, ikizima mara baada ya kuruka, mkono haukukosea na mizunguko ilikuwa juu, mshukiwa wa kwanza ni pampu ya mafuta. Rubani wa majaribio Milo Burcham alikufa hivyo Burbank tarehe 20 Oktoba 1944. Ikaongezwa pampu ya umeme ya dharura. Tarehe 6 Agosti 1945 Richard Bong, aliyeongoza marubani wote wa Marekani kwa idadi ya ndege alizoangusha vitani, alikufa uwanja uleule, pampu kuu imeshindwa na ile ya dharura haikuwa imewashwa. Iweke kwenye orodha ya kabla ya kuruka, na mtu wa pili aisome kwa sauti.

Mkia ukikatika bila mteremko wala mtetemo, tazama sahani ya turbini. Rubani wa majaribio Tony LeVier alipatwa na hilo kwenye XP-80A Machi 1945: sahani ilikuwa na kasoro ndani ya chuma chenyewe tangu kufuliwa, ikapasuka na kuukata mkia. Aliruka kwa parachuti akaumia mgongo. Aileroni, vibapa vya bawani vya kulaza ndege upande, zikikwama kwenye kimo cha juu tu na kufunguka chini, waulize mafundi walipaka grisi gani, Gloster E.28/39 ya pili, jeti ya majaribio ya Uingereza, ilipotea Julai 1943 kwa sababu ya namna hiyo.

Na kama ndege ni ya mbao, kagua gundi. Kiwanda kilichotengeneza gundi nzuri ya tabaka za mbao kule Wuppertal kilipigwa mabomu, na He 162, jeti ya Ujerumani yenye mabawa ya mbao, ikaunganishwa kwa gundi ya kubadilishia iliyokuwa na asidi, ikila mbao polepole. Siku ya kwanza ya kuruka, tarehe 6 Desemba 1944, kifuniko cha gurudumu la puani kilibanduka. Mpango ukaendelea. Tarehe 10 mwezi huohuo, mbele ya wageni waheshimiwa pale Schwechat, karibu na Vienna, ukingo wa mbele wa bawa ulichomoka ndege ikipita kwa kasi, na rubani Gotthold Peter akafa. Kitu kidogo cha kugundishwa kikibanduka, usikigundishe tena na kuruka. Fungua viungo vingine vyote vilivyotoka kwenye kopo lilelile, ukianza na mabawa.